Niache kazi Kariakoo nikasomee programu kwa wiki 12?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa miaka 26, nakaa Mbagala. Nina stashahada ya uhasibu, na kwa sasa nauza na kuandika hesabu kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Nimeona chuo kimoja maeneo ya Mwenge kinafundisha kutengeneza mifumo na tovuti kwa wiki 12, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ada ni sh. 2,400,000 na wanasema ukimaliza ajira ni uhakika. Nina akiba ya sh. 1,500,000. Rafiki yangu ananishauri nichukue mkopo wa haraka nijazie. Sina laptopu, na hisabati kidato cha nne nilipata D. Niache kazi nikasome?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kusoma, soma. Kazi usiiache bado, na huo mkopo usiuguse kabisa. Mikopo ya haraka mtaani haikuitwa kausha damu kwa bahati mbaya, na ndiyo mibaya kuliko yote kwa mtu anayekwenda kukaa miezi mitatu bila mshahara: rejesho la kwanza litakukuta bado unajifunza kupanga rangi za ukurasa.

Sasa tuzitazame hizo wiki 12. Hesabu ni kazi yako, kwa hiyo tupige pamoja. Siku tano kwa wiki 12 ni siku 60. Toa saa moja ya chakula, zinabaki saa 8 kwa siku, yaani saa 480 kwa kozi nzima. Kwa mtu aliyekwisha kuchezea programu akajua anakwama wapi, saa 480 ni mali. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja, zinapita kama daladala lililojaa.

Ratiba za kozi hizi zinafanana sana, hata ukibadilisha chuo. Mwanzoni ni HTML na CSS, yaani mifupa na sura ya ukurasa. Hapo kila mtu anafurahi kwa sababu unaandika kitu na unakiona papo hapo. Kisha inakuja JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi, na vituko vyake vingine vipo mpaka leo kwa sababu ya haraka ile. Baadaye hifadhidata na SQL, lugha ya kuziuliza hifadhidata maswali, Git ya kutunza matoleo ya kazi yako, upande wa seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, na mwisho mradi wa kikundi. Ugumu unaanza pale JavaScript inapoingia. Somo la wiki ya nne limejengwa juu ya la wiki ya tatu, na darasa la kasi halirudi nyuma kumsubiri mtu. Aliyeachwa hapo anaendelea kuhudhuria, anaendelea kunakili kutoka kwa jirani, anapewa cheti, na siku ya usaili hawezi kueleza msimbo, yaani maandishi ya programu, uliobeba jina lake. Nimekaa upande wa wanaosaili. Mtu wa namna hiyo anajulikana kwa swali moja tu: "Nionyeshe mstari ulioandika mwenyewe, kisha uniambie ukiuondoa nini kitatokea."

Ndiyo maana nakuomba ujue hasa unachonunua kwa hizo milioni mbili na laki nne. Masomo yenyewe hununui, maana ni ya bure na yapo siku nyingi. Tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ipo tangu 2014 na haitozi hata senti. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ya kuanzia kompyuta, unaweza kuifuata kwenye intaneti bila kulipa. Unachonunua ni mambo mawili: mwendo, kwamba kuna mtu anakusukuma, na marekebisho, kwamba kuna mtu mwenye uzoefu anausoma msimbo wako na kukuambia hapa umekosea kwa sababu hii. Mwendo unaweza kujipa mwenyewe ukiwa mkaidi. Marekebisho ni adimu, na hayo ndiyo yenye thamani ya ada.

Kwa hiyo swali la kwanza ukifika pale Mwenge liwe hili: darasa lina wanafunzi wangapi, na walimu wangapi? Wakikuambia wanafunzi 40 kwa mwalimu mmoja, rudi kwenye hesabu. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya kwa 40. Unapata dakika 12 kwa siku, hapo mwalimu awe hajafundisha chochote ubaoni, hajanywa maji, wala hajapokea simu. Kwa dakika hizo, kosa moja la mwanafunzi mgeni halimaliziki. Wakikuambia kuna mwalimu na wasaidizi wawili kwa watu 15, hapo tunaweza kuanza kuzungumza bei.

Swali la pili ni hiyo "ajira ni uhakika". Kozi za namna hii zilishika kasi Marekani kati ya 2011 na 2012. Dev Bootcamp ya San Francisco, mojawapo ya zile za mwanzo, ilianza 2012, na kufikia mwisho wa 2017 ilikuwa imeshafungwa. Majirani zetu wa Nairobi walipata Moringa School mwaka 2014. Kwa hiyo biashara hii ina historia, na ahadi zake pia zina historia. Kisa ninachopenda kuwasimulia watu ni cha BloomTech, chuo cha Marekani ambacho awali kiliitwa Lambda School. Kilitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wahitimu wake walipata kazi. Aprili 2024 CFPB, mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ilikichukulia hatua na kusema takwimu za ndani za chuo chenyewe zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zilishuka mpaka 30. Kuna pahala mkuu wa chuo aliandika mtandaoni kwamba kundi moja limepata ajira kwa asilimia 100. Kumbe hesabu hiyo ilikuwa ya mwanafunzi mmoja.

Sisemi chuo chako ni hivyo. Nasema uhakika wa ajira una maswali yake, nawe uyaulize bila aibu. Kundi lililopita waliingia wangapi, walimaliza wangapi, na miezi sita baadaye wangapi walikuwa wanalipwa mshahara kwa kazi ya kutengeneza mifumo? Anayejitolea ofisini kwa nauli na chakula anahesabiwa kuwa ameajiriwa? Aliyebaki chuoni hapohapo kama msaidizi wa mwalimu, je? Kisha omba namba za wahitimu wawili uwapigie wewe. Chuo kinachojiamini kitakupa. Kikisita, umeshajibiwa. Angalia pia usajili wao NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na ada ilipwe kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la chuo, si kwenye simu ya mtu. Masharti ya kurudishiwa fedha ukiacha katikati yawe kwenye maandishi.

Nikuambie na jambo ambalo matangazo hayasemi kuhusu soko la hapa Dar. Nafasi za maafisa TEHAMA serikalini zinazopita Sekretarieti ya Ajira huomba shahada au stashahada ya fani hiyo, na cheti cha wiki 12 hakikuvushi pale. Benki na kampuni za simu nazo hupokea maombi mengi ya vijana waliotoka CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na kwingineko, waliosoma miaka mitatu au minne. Ukienda kushindana nao kwa kile wanachokijua, utachoka bure. Wewe una kitu ambacho wengi wao hawana, na kwenye barua yako umekipita haraka kama vile ni aibu: unajua duka.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kabla ya kulipa senti, jipe wiki nane za jioni na Jumapili, ukiwa bado kazini. Lengo liwe moja tu: kutengeneza daftari la madeni la duka lenu. Mteja anachukua taa na swichi, analipa nusu, anabakiza deni, wiki ijayo analeta kidogo. Programu imjue, ijue alichochukua, alicholipa, anachodaiwa. Ukizima kompyuta na kuiwasha, taarifa ziwepo. Ni hayo tu. Usiweke rangi, usiweke nembo, usiweke ukurasa wa kuingilia.

Utaona linavyokufundisha. Utaandika namba ya simu ya mteja, 0754 na zinazofuata, na kama uliiambia kompyuta kwamba ile ni tarakimu ya hesabu, sifuri ya mbele itapotea. Hapo utajua kwamba namba ya simu ni maandishi, kwa sababu hakuna mtu anayejumlisha namba za simu. Utakutana na fedha. Iambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004, maana namna kompyuta inavyotunza desimali haiwezi kuandika sehemu ya kumi kwa ukamilifu. Bahati yetu shilingi tunaihesabu bila senti, kwa hiyo tunza fedha kwa namba kamili na usihangaike. Utakutana na tarehe, ugundue kwamba kwa JavaScript Januari ni mwezi wa 0. Na seva nyingi zinatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo mauzo ya baa ya saa saba usiku yanaweza kuingia kwenye hesabu ya jana. Duka lenu linafunga jioni, halitakuumiza, lakini mwenye baa atakuita.

Halafu kuna hili la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Mteja akilipa deni lote, programu ifanye nini? Vijana wengi wanaoanza hufuta ule mstari wa deni. Deni limekwisha, la nini tena? Wewe ni mhasibu, umeshatikisa kichwa. Mhasibu hafuti. Anaandika malipo, na palipokosewa anaandika marekebisho, ili mwaka ujao mtu akiuliza ilikuwaje, daftari lijibu. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mifumo yote ya fedha yenye akili timamu, na kuna watu wenye shahada wanaichelewa mpaka fedha zipotee. Wewe unayo tayari kutoka darasa la debiti na krediti.

Hiyo pia ndiyo inaniwezesha kukujibu kuhusu ile D. Kwa mifumo ya mauzo, stoo, mishahara na malipo, hisabati inayotumika ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na asilimia. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu wa kufuata jambo hatua kwa hatua: kama hivi, basi vile, vinginevyo kule. Aliyewahi kutafuta sh. 300 zilizokosekana kwenye mizania mpaka akazipata ana moyo unaotakiwa. Ukitaka baadaye kwenda kwenye michoro ya michezo ya kompyuta au kujenga akili mnemba yenyewe, hapo hisabati utaidaiwa. Sasa hivi haidai mtu.

Na akili mnemba, maana najua utaniuliza. Hizo programu za maongezi zitakuandikia hilo daftari kwa dakika chache, na litaonekana zuri. Nakuomba wiki nane hizo usiziombe zikuandikie. Ziombe zikueleze: "Mstari huu unafanya nini? Kosa hili maana yake nini?" Sababu yangu si ushamba. Kazi ndogondogo ambazo zamani alipewa mgeni ofisini ili ajifunzie, mashine sasa inazifanya. Anayebaki kuhitajika ni mtu anayeweza kusoma kilichoandikwa na mashine na kusema, "Hapana, hii imeitunza namba ya simu kama tarakimu, na hapa imefuta deni badala ya kuandika malipo." Jicho hilo hulioteshi kwa kunakili. Unalipata kwa kukosea mwenyewe, ukasoma ujumbe wa kosa polepole mpaka unaona mstari unaoutaja.

Kuhusu vifaa: simu ya Android inatosha kuanzia. Programu ya Pydroid 3 inakuwezesha kuandika Python, lugha nyingine ya programu, kwenye simu bila hata bando, na daftari lako linaweza kuzaliwa humo. Ukianza hivyo, kuhusu desimali na fedha bado utajifunza kitu kilekile. Lakini kufikia wiki ya tatu vidole vitachoka na kioo kitakuwa kidogo, na hapo ndipo akiba yako inafaa ifanye kazi ya kwanza. Nunua laptopu kabla ya ada. Iliyotumika inafaa kabisa, na Kariakoo unaijua kuliko mimi. Tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, na mwambie muuzaji aiwashe bila chaja, muongee dakika ishirini, uone betri inashuka kiasi gani. Akikusifia kwamba ina Windows 10, mwambie Microsoft walisitisha huduma yake Oktoba 2025. Kama mashine haikubali Windows 11, bei ishuke, na utaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ambayo ni ya bure na kwa kazi yetu ni nzuri hata zaidi. Bando nalo lina hesabu yake. Video zinakula. Maelezo ya maandishi hayali sana, tena unayasoma kwa kasi yako.

Usijifungie peke yako Mbagala. Kijitonyama, kwenye jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuna Buni Hub, kituo cha vijana wabunifu, na vijana wa fani hii huzunguka maeneo yale. Tafuta wenzako wawili watatu wanaojifunza, mkutane Jumapili, kila mmoja amweleze mwenzake alichoandika. Mtu akikuuliza "kwa nini umefanya hivi?" ukashindwa kujibu, umepata somo la bure ambalo kule Mwenge ungelilipia.

Paris kuna chuo kinaitwa 42, kilianzishwa mwaka 2013 na tajiri wa kampuni ya simu, Xavier Niel. Hakitozi ada, hakina walimu wa kusimama mbele, na hakiombi vyeti. Kabla ya kukupokea kinakuweka kwenye mtihani wa takriban mwezi mmoja wa kuandika programu kila siku, wikendi zikiwemo, wakakuona unaposhindwa unafanya nini. Hizo wiki nane nilizokupa ni mtihani wa aina hiyo, ila msimamizi ni wewe. Kama ikifika wiki ya nane daftari linafanya kazi, hata kwa ubaya wake, na kama ulipokwama ulikasirika ukalala ukarudi kesho yake, basi kozi itakufaa, maana utaingia ukiwa na maswali. Kama umegundua kila jioni unatafuta sababu ya kutoifungua laptopu, umeokoa milioni mbili na kazi yako.

Ukifaulu, waulize kama wana darasa la jioni au la Jumamosi, hata likichukua miezi sita. Kutoka Mbagala mpaka Mwenge kila asubuhi na kurudi jioni ni safari inayokula nguvu ambazo ungeziweka kwenye kusoma, barabara ya Kilwa unaijua. Kama ni kutwa tu, basi subiri mpaka una ada yote pamoja na matumizi ya miezi sita: mitatu ya darasani na mitatu ya kutafuta kazi. Omba kulipa kwa awamu. Na usiitafute kazi yenye jina la "mtaalamu wa programu" peke yake. Kuna kampuni hapa mjini zinazofunga mifumo ya mauzo, stoo na uhasibu kwenye maduka, maghala na hospitali, na zinahangaika kupata mtu wa kukaa na mhasibu wa mteja wakaelewana. Mtu anayejua mizania, anayejua risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, inatolewa wakati gani, na anayeweza kuandika swali la SQL kutafuta kwa nini jumla mbili hazilingani, huyo anaingia kwa mlango ambao mwenye cheti cha tovuti tupu hauoni.

Tahadhari moja kuhusu daftari lenyewe. Unapojifunza, tumia majina na namba za kubuni. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, orodha ya nani anadaiwa Kariakoo si kitu cha kupandisha GitHub, tovuti ya kuweka na kuonyesha msimbo, ili watu waione kazi yako. Likianza kufanya kazi, mwonyeshe bosi wako kabla ya mwalimu yeyote, na uombe ruhusa kabla ya kuingiza wateja wa kweli. Akikuuliza, "Linaweza kunionyesha waliopitisha miezi miwili bila kulipa?" umepata kazi ya wiki ya tisa.